Bakapu ya PostgreSQL kwenye NAS na kwenye wingu, hadi kuirudisha

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo tunafanya bakapu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Nakala moja inakwenda kwenye NAS, kile kisanduku cha diski kilichochomekwa kwenye ruta, na nyingine inakwenda kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Halafu tutairudisha. Hifadhidata ninayotumia ni ya duka la dawa la jumla, inaitwa duka. Kusakinisha rclone, programu ya kunakili mafaili kwenda kwenye wingu, na kuunganisha NAS kwa NFS, njia ya kutumia folda ya mashine nyingine kupitia mtandao, naruka, hilo ni jambo jepesi. Kwangu NAS imekaa kwenye /mnt/nakala.

Kabla hujagusa kitu, andika df -h /mnt/nakala. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona safu ya kwanza kushoto? 192.168.1.20:/volume1/nakala. Hiyo ni anwani ya NAS. Ukikuta pale /dev/sda1, simama hapo hapo: NAS haijaunganishwa, na hiyo folda iko kwenye diski ya seva yenyewe.

Hili nalisisitiza kwa sababu lilinikuta. Umeme ulikatika usiku, NAS ikazima, na ulipowaka haikuunganishwa tena. Skripti, lile faili la amri zinazojiendesha kila usiku, ikaandika bakapu ya usiku ule ndani ya folda ile, ikiwa peke yake, kisha ikaendesha rclone sync. Sasa sync kazi yake ni kuhakikisha kule kunafanana na huku. Huku kuna faili moja, basi ikafuta mengine yote kule. Nakala za miezi minne kwenye wingu, zote zimekwenda. Kwa hiyo andika copy. Narudia: rclone copy, usiweke sync.

Haya, skripti. Mstari wa kwanza:

mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1

Huo ndio mlinzi wa mlango. Kama NAS haipo, kazi inakoma palepale. Usiuondoe hata kama unakusumbua. Wa pili, pg_dump, ndio unaotoa nakala ya hifadhidata:

pg_dump -Fc -f /mnt/nakala/duka-$(date +%F).dump duka

Mimi napenda -Fc, umbo maalumu la PostgreSQL, kuliko SQL ya kawaida, yaani faili la maandishi: faili linabanwa lenyewe, na ukitaka unaweza kurudisha jedwali moja tu. Wauzaji pale kaunta wanaendelea kuuza, pg_dump haiwazuii. Inachukua data kama ilivyokuwa pale ilipoanza. Wa tatu:

rclone copy /mnt/nakala wingu:bakapu-duka

Hiyo wingu ni jina nililoipa hifadhi ya mtandaoni ndani ya rclone. Nimeipitisha kwenye crypt ya rclone, mafaili yanafungwa kwa nywila kabla hayajatoka hapa. Humu kuna majina na simu za wateja, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nywila hiyo iandike karatasini, uifungie mahali mbali na seva. Ikipotea, hakuna wa kukufungulia.

Kwenye cron, kile kinachoendesha kazi kwa ratiba, angalia saa. Seva nyingi za kukodi ziko kwenye UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Ukitaka ifanye kazi saa nane na nusu usiku wetu, andika 30 23 * * *, dakika kwanza kisha saa, yaani 23:30 ya UTC. Na uiite skripti. Usibandike ule mstari wa pg_dump moja kwa moja kwenye cron, maana alama ya % pale inakata amri katikati.

Sasa kurudisha, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Niko kwenye kompyuta nyingine kabisa. Nashusha faili la jana kutoka kwenye wingu, kisha naunda hifadhidata tupu: createdb jaribio. Jina jipya, tafadhali. Usirudishe juu ya hifadhidata inayofanya kazi.

pg_restore -j 4 -d jaribio, halafu jina la faili. Enter...

Ah, subirini. Someni hapo: role "mhasibu" does not exist, yaani mtumiaji mhasibu hayupo. Sikati, mlione. pg_dump inachukua hifadhidata moja tu, watumiaji wa seva haiwachukui. Narudi kwenye seva, naongeza mstari mwingine kwenye skripti, chini ya ule wa pg_dump:

pg_dumpall --globals-only > /mnt/nakala/watumiaji.sql

Huu uendeshwe na mtumiaji postgres, msimamizi mkuu wa hifadhidata. Naendesha skripti, nashusha watumiaji.sql huku, naipitisha kwenye psql, programu ya kuendesha amri za SQL. Sasa dropdb jaribio, createdb jaribio, pg_restore tena.

Kimya. Hakuna kosa hata moja.

Tuhesabu. SELECT count(*) FROM mauzo WHERE tarehe < CURRENT_DATE - 1; yaani mauzo yote hadi juzi: kushoto seva ya duka, kulia jaribio. 48,213. Na huku 48,213. Fungua pia risiti moja uisome, mimi nachukua ya mwisho ya juzi jioni: dawa tatu, bei, jina la muuzaji. Vyote vimo.

Nafuta jaribio. dropdb... nasoma jina mara mbili kwanza. J-a-r-i-b-i-o. Enter.