Bandeji ya Akhwari na ugoko wa mwanafunzi wako

Walimu wangu wa michezo, makocha, shikamooni. Wanafunzi mliojibanza kule nyuma, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya majeraha kabla hamjaingia kambi za UMISSETA, michezo yetu ya shule za sekondari. Nitaanza na mtu ambaye humu ndani sidhani kama kuna asiyemjua.

Tarehe 20 Oktoba 1968, Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. John Stephen Akhwari, kijana wa Mbulu, Tanzania, yuko kwenye marathoni ya Olimpiki na misuli imeanza kumbana. Kama kilomita ya 19 hivi wakimbiaji wanagombea nafasi, anaanguka, goti linateguka, bega linajipiga chini. Akafungwa bandeji, akasimama, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limetanda, watu wengi wameshaondoka, kwa saa 3:25:27. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, yeye wa mwisho wao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake mnalijua wote: nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Kisa hiki hunisisimua mpaka leo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyokitumia. Mtoto wa kidato cha pili anakuja anachechemea, anasema, "Mwalimu, ugoko unaniuma." Sisi tunamjibu: Akhwari alimaliza. Tunaongezea na mvumilivu hula mbivu, mtoto anarudi kukimbia. Walimu wangu, goti la Akhwari liliumia mara moja, mchana mmoja, kwenye mbio moja ya maisha yake. Miaka miwili baadaye alikuwa Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashika nafasi ya 5 kwenye marathoni. Ugoko wa mwanafunzi wako hauumii hivyo. Huo unaliwa kidogo kidogo.

Tupige hesabu. Mtu anapokimbia, kila mguu unapotua hupokea mzigo wa mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili. Msichana wa kilo 50 basi anabeba kilo 100 hadi 150 kwa mguu mmoja. Akipiga hatua 160 kwa dakika, kwa dakika 40 ni hatua 6,400, yaani kila mguu umepigwa mara 3,200. Asubuhi hiyo tu. Na jioni mnarudi tena, nawajua.

Mfupa si fimbo. Ni kitu hai, na ukiuzidishia kazi unajikarabati kama fundi anavyokarabati ukuta: kwanza anabomoa palipochoka, ndipo anajenga. Shida ni kwamba kubomoa kunakwenda mbio na kujenga kunakwenda pole. Kubomoa ni wiki, kujenga ni miezi. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo, hasa ya 3 na ya 4 baada ya mazoezi kupandishwa ghafla, ukuta una matundu mengi kuliko siku ulipoanza. Na wiki hizo hizo ndizo mnazochuja timu! Mtoto anajua akisema anaumwa anaachwa, basi ananyamaza. Nasema haya kwa sababu nami nilinyamaza. Nilikuwa na miaka 17, nikawa nachuliwa ugoko kwa dawa ya kuchua kila jioni na kukimbia kila asubuhi, mpaka siku ambayo hata ngazi za bweni zilinishinda.

Nawapeni kipimo cha bure. Mwambie mtoto, nionyeshe panapouma. Akipitisha kiganja kizima juu na chini pembezoni mwa mfupa, na maumivu yanapungua mwili ukishapata moto, punguza mazoezi na umwangalie kwa karibu. Akiweka kidole kimoja mahali pamoja, na pale pakibonyezwa anaruka, au panauma hata akiwa amelala, huo huenda ni ufa kwenye mfupa. Asikimbie tena, apelekwe hospitali. Na msidanganywe na eksirei safi: wiki za mwanzo ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye picha.

Sasa naomba mwalimu mmoja aje hapa mbele. Asante, dada. Simama kwa mguu mmoja, kunja goti taratibu kama unayetaka kukaa. Mmeona? Goti linakimbilia ndani, linatafuta mwenzake. Msimcheke, nusu yenu mtafanya hivyo hivyo. Goti likiingia ndani namna hiyo wakati mchezaji anatua baada ya kuruka kupiga mpira wa kichwa au anageuka ghafla, ndipo inapokatika ile ligamenti, kamba ya ndani ya goti inayoshikanisha mifupa, ambayo watangazaji wa mpira wanaiita ACL. Wasichana wanaumia hapo mara 2 hadi 3 zaidi ya wavulana kwenye mpira. Kosa liko juu, kwenye misuli ya nyonga na matako iliyolala, na misuli iliyolala inafundishika. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+ ni dakika 20, mazoezi 15, vifaa ni mpira na nyasi. Yalijaribiwa Norway kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha majeraha yamepungua kwa karibu theluthi moja. Sisi dakika hizo 20 tunazitumia kuzunguka uwanja mara 2 na kungoja jezi.

Kuhusu kukimbia peku au na raba sina mengi. Mwenye raba asizivue ghafla, asiye nazo asidhani amelaaniwa.

Nikae kidogo kwenye chakula. Kila mwaka naambiwa watoto wetu hawashindi kwa sababu wanakula ugali. Mwaka 2004 watafiti walipima chakula cha wakimbiaji hodari wa Kenya kambini. Robo tatu ya nishati yao ilikuwa wanga, na ugali ndio uliotawala sahani, pamoja na sukari ya kwenye chai! Ila walikula mara 5 kwa siku, na chakula kilifuata mazoezi kabla saa moja haijapita. Kambi zetu mtoto anakimbia saa 12 alfajiri, saa 2 anapata chai ya rangi na andazi, chakula chenyewe ni saa 8. Mwili usipoletewa, unajila. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupa upungufu huo wa nishati jina lake mwaka 2014, na dalili yake kubwa kwa msichana ni hedhi kusimama. Naona walimu wa kiume wameinamisha vichwa. Inueni. Msichana aliyekosa hedhi miezi 3 mfululizo kambini mifupa yake iko hatarini, na kocha anayeona aibu kuuliza amtafute matroni aulize.

Mengine ni madogo ya jikoni. Uji wenye karanga uwepo pale pale uwanjani mazoezi yakiisha. Dagaa waliwe wazima na mifupa yao, kalsiamu imo humo. Na chai isinywewe pamoja na maharage. Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, isogezeni saa moja mbele.

Maswali nitayapokea nje, maana nataka twende kwenye nyasi. Kila mtu atafute mwenzake: mmoja apige magoti, mwingine amkandamize vifundo vya miguu, kisha aliyepiga magoti ashuke mbele polepole, mgongo umenyooka, mpaka misuli ya nyuma ya paja ikatae. Timu zinazofanya zoezi hili zimepunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Mara 5 tu leo. Kesho asubuhi mtanikumbuka mkishuka kitandani.