Vumbi la Dodoma na ringi ya chenso

Mbukwenyi! Naona mmeitikia vizuri. Shikamooni wazee mlioko nyuma, na vijana, hamjambo.

Mwenyekiti ameniomba nisiwachoshe kwa hesabu, kwa hiyo nimekuja na pistoni mbili za chenso, ule msumeno wa mnyororo wa injini, mfukoni. Zipitisheni mkono kwa mkono, ila msizichanganye. Hii niliyoipaka wino mwekundu ndiyo mbovu. Mkiigeuza mtaona upande mmoja bado una ile mistari myembamba ya kiwandani. Upande wa pili mistari imefutika kabisa, umelainika na kufifia kama bati lililosuguliwa kwa msasa laini. Ule ni upande unaotazama kabureta, pale hewa inapochanganyikia na petroli. Pistoni hii haikuungua wala haikukosa oili. Imeliwa, na aliyeila yuko hapo nje mlangoni anapeperuka tangu asubuhi.

Kwa nini vumbi linaionea chenso kuliko linavyoionea gari? Tazama njia ya hewa. Kwenye gari hewa inaingia juu ya pistoni, na huko chini oili imefungiwa peke yake. Chenso ni injini ya mipigo miwili, haina sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Pistoni ikipanda, hewa pamoja na petroli yenye oili vinavutwa chini yake, kwenye chumba cha krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Ikishuka inavikandamiza, vinapanda kwa njia za pembeni hadi juu, ndipo plagi iwashe. Maana yake kila pumzi inapita kwanza kwenye beringi na kusugua ubavu wa pistoni kabla haijafika kwenye moto. Vumbi likiingia, linakutana na oili chini kule na kuwa uji wa kusagia.

Hesabu moja tu, mwenyekiti anisamehe. Chenso ya cc 60 ikizunguka mara 12,000 kwa dakika ni mizunguko 200 kwa sekunde, na kila mzunguko unavuta hewa. Kwenye karatasi hiyo ni lita 12 kila sekunde. Silinda haijai kikamilifu, lakini hata ukitoa theluthi bado ni ndoo ndogo ya hewa kila sekunde. Hewa ya Agosti, hapa kwetu, ambako mvua iliaga tangu Mei.

Na mchanga wetu si wa mchezo. Majabali haya ya graniti mnayoyaona kuanzia hapa hadi Singida yakimomonyoka yanaacha chembe za kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ni 10, kwatzi ni 7. Alumini ya pistoni haifiki hata 3. Ukuta wa silinda ndio unaojitetea, kwa sababu silinda nyingi nzuri za alumini zimepakwa kromu, au nikeli yenye chembe za kaabaidi ya silikoni, ule mpako ambao kampuni ya Mahle ya Ujerumani iliubuni mwaka 1967. Ndiyo maana fundi anafungua, anaona silinda inang'aa, anasema "hii nzima," anabadilisha ringi, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni, na kufunga. Silinda ni nzima kweli. Pistoni ndiyo imekonda.

Sasa ringi. Mafundi waliotoka kwenye magari hushangaa kukuta chenso nyingi zina ringi moja au mbili tu. Kwa mwendo ule moshi hauna muda wa kuvuja sana, na ringi ikipungua msuguano nao unapungua. Ringi haizibi kwa nguvu ya chuma chake tu. Mlipuko unapotokea, gesi inaingia kwenye mfereji nyuma ya ringi na kuisukuma ibane ukuta. Kaboni ikijaa kwenye mfereji, ringi inaganda na kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, inakufa hata kama ringi yenyewe ni mpya kama ya jana.

Kaguani na hicho kipini kidogo ndani ya mfereji. Kazi yake ni kuizuia ringi isizunguke. Silinda ya mipigo miwili ina madirisha ukutani, matundu ya kupitisha hewa na moshi, na ncha za ringi zikipita dirishani zitachomoza, zinase, zivunjike. Kwa hiyo ncha zikumbatie kipini, na mshale wa juu ya pistoni utazame egzosi. Nimeona ukiwekwa kinyume, na sitasema na nani.

Kupima uchakavu, ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya. Ukifika milimita 1, mimi naitupa.

Niwape aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma mteja aliniletea chenso ya kukatia mikwaju na migunga. Nikaweka ringi, ikaunguruma vizuri, nikalipwa. Mwezi haujaisha karudi, haina nguvu. Nikaweka ringi nyingine. Aliporudi mara ya tatu ndipo nikafanya nililotakiwa kufanya siku ya kwanza: nikapitisha kitambaa cheupe ndani ya koo la kabureta, upande ule ambao hewa imekwisha kupita kwenye filta. Kikatoka chekundu. Ukingo wa filta ulikuwa umepinda, haukai. Ringi zile mbili nilimuuzia vumbi lisage. Pesa ya pili nilimrudishia. Ya kwanza, jamani, nilikuwa nimeshaila.

Basi kwenye filta msiwe na haraka. Kabla ya kufungua kifuniko vuta choki, kile kizibo cha njia ya hewa, ili uchafu unaodondoka usiingie kooni. Ya nailoni ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, iache ikauke kabisa. Msiipigie upepo wa kompresa kutoka nje: unasukumia vumbi ndani ya nyuzi na unaweza kuitoboa. Na noeni mnyororo. Mnyororo mkali unatoa vipande, butu unasaga unga, na unga huo ndio unaoziba filta.

Lipo kosa jingine tunalofanya sisi mafundi kwa mikono yetu. Filta imeziba, hewa imepungua, petroli imezidi, mashine inatoa moshi na kusuasua. Fundi hagusi filta, anachukua bisibisi na kubana skrubu ya kabureta. Mashine inachangamka. Kesho mwenyewe anaosha filta, hewa inajaa, petroli sasa haitoshi, na petroli ndiyo iliyobeba oili. Pistoni inapata joto, inakwanguka upande wa egzosi. Mkikuta mikwaruzo upande huo, msilaumu vumbi peke yake, ulizeni bisibisi ilipita lini.

Swali? Ndiyo, kijana wa kofia. (Akauliza: "Mzee, mimi navalisha filta soksi ya nailoni. Nakosea?")

Hukosei moja kwa moja. Ikiwa nje, inakamata unga mkubwa na unaitoa kuifua bila kugusa filta. Ila kitambaa kikibanwa chini ya ukingo kinaacha upenyo, na upenyo mdogo ni sawa na kutokuwa na filta. Na kabureta irekebishwe soksi ikiwa imevaliwa, si kabla. Mashine yako iko wapi? Kwenye bodaboda? Ilete hapa mezani tuitazame wote, na huyo mwenye kitambaa cheupe asogee. Kabla hujagusa kifuniko, vuta choki.