Diski ya Bei Nafuu kwa Nodi ya Nyumbani: Soma Modeli Kabla ya Bei

Hamjambo, na asanteni kwa kufika. Tuanzie kwenye kaunta ya duka pale Luthuli Avenue, Nairobi. Kuna diski mbili za terabaiti 4. Moja ni mpya, ya inchi 2.5, iko ndani ya kasha lake la USB. Nyingine ni ya inchi 3.5, imetolewa kwenye DVR, kile kinasa video cha kamera za ulinzi, na ina mikwaruzo. Muuzaji atakusukumia ile mpya. Lakini kwa nodi, yaani kompyuta ya nyumbani inayohifadhi data za watu saa ishirini na nne kwa malipo, kama zile za mtandao wa Storj, mara nyingi yenye mikwaruzo ndiyo ya kuchukua.

Sababu ni herufi tatu: CMR au SMR. Kwenye CMR kila mstari wa data umelala peke yake juu ya sahani. Kwenye SMR mistari imepandiana kama mabati ya paa, ili data nyingi zaidi itoshee. Kusoma hakuna taabu. Taabu ni kubadilisha: ukitaka kugusa bati la chini, sharti uinue yaliyolilalia. Diski huficha kazi hiyo kwa kuandika kwanza kwenye eneo dogo la akiba, kisha hupanga upya inapotulia. Ukihifadhi picha za harusi mara moja kwa mwezi, hutajua tofauti. Nodi nayo haitulii. Inapokea vipande vidogo vya faili za watu, inafuta, inapokea tena. Akiba ikijaa, kasi inaporomoka na kompyuta inabaki kuisubiri diski. Isitoshe, Storj hupeleka vipande kwa nodi nyingi kuliko zinazohitajika na kuwakata waliochelewa. Mwenye SMR anakatwa mara nyingi.

Diski za inchi 2.5 zenye terabaiti 1 kwenda juu, zile za sasa, karibu zote ni SMR. Za inchi 3.5 zinataka usome modeli. Seagate Barracuda ST4000DM004 na ST8000DM004 ni SMR. WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zenye herufi EFAX ni SMR pia. Siri hiyo ilifichuka Aprili 2020, na baadaye kampuni ikaziweka za CMR chini ya jina WD Red Plus. Seagate IronWolf na Toshiba N300 ni CMR. Rangi ya kibandiko isikudanganye: tafuta namba kamili ya modeli kwenye simu yako hapohapo dukani.

Hapa ndipo biashara ya kamera inapotusaidia. WD Purple na Seagate SkyHawk, diski za kamera, zimejaa mjini, na nyingi ni CMR. Utasikia kwamba hizo ni za video tu na kwamba huruka makosa ya data. Amri za kuruka makosa hutumika DVR inapoziomba. Kompyuta ya kawaida haiziombi.

Sasa, mitumba ina uongo wake. Ichomeke diski na uendeshe smartctl -a, amri inayosoma rekodi ya afya ya diski. Angalia sifa namba 5, 197 na 198: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi, na zilizoshindwa kusomeka. Nataka sifuri kwa zote tatu. Ile ya 197 ikiwa na hata sekta moja, mrudishie muuzaji. Sifa ya 199 ikipanda, mara nyingi kosa ni la kebo, kwa hiyo badilisha kebo kabla ya kuilaumu diski. Sifa ya 9 ni saa za kazi. Mwaka una saa 8,760, hivyo saa 35,000 ni miaka minne bila kuzimwa. Bado inafaa, ila bei ishuke. Na saa hizo hufutwa. Mapema 2025 ilibainika Ulaya kwamba diski za Seagate zilizotumika ziliuzwa kama mpya baada ya rekodi kusafishwa. Kwa modeli za Seagate za miaka ya karibuni kuna rekodi ya pili ya saa: smartctl -l farm, kuanzia toleo la 7.4. Hesabu mbili zisipolingana, ondoka.

Ukiifikisha nyumbani, ijaribu kwa kuandika diski nzima kwa programu ya Linux: badblocks -b 4096 -wsv, ukijua inafuta kila kitu. Bila hiyo 4096, diski ya terabaiti 8 itakataliwa na programu. Ina mizunguko minne ya kuandika na kusoma, kwa hiyo terabaiti 8 huchukua takriban siku nne. Ndiyo maana dhamana ya siku tatu haina maana. Omba wiki mbili, na namba ya diski iandikwe kwenye risiti.

Kuna mitego miwili ya diski za seva. Yenye plagi ya SAS, ya seva, inafanana na yenye SATA, plagi ya kompyuta za kawaida, ila haina pengo kati ya sehemu ya data na ya umeme. Haitaingia kwenye kompyuta yako bila kadi maalumu. Nyingine ni SATA kamili lakini haizunguki kabisa, kwa sababu volti 3.3 kwenye pini ya tatu huiamuru ijizime. Si mbovu. Tumia adapta ya Molex, ile plagi ya umeme ya pini nne, isiyopeleka volti hizo.

Ukubwa je? Diski ya inchi 3.5 inakula takriban wati 7, iwe ya terabaiti 2 au 8. Hiyo ni yuniti 61 za stima kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya tokeni zako. Diski nne ndogo za bure zaweza kukugharimu kuliko moja kubwa ya kununua. Lakini usikimbilie terabaiti 16 pia: nodi hujaa polepole, na Storj hushikilia asilimia 75 ya malipo ya miezi mitatu ya kwanza. Terabaiti 4 au 8 inatosha kuanzia, na uache asilimia 10 wazi. RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa ili zilindane, acha; mtandao wenyewe umeshasambaza vipande. Diski moja, nodi moja.

Mwenye Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ajue soketi zake zote za USB kwa pamoja hutoa ampea 1.2 tu, kwa hiyo inchi 3.5 inahitaji adapta yake ya volti 12, ampea 2 au zaidi, kwa ajili ya ule mwanzo wa kuzunguka. Ukiiandaa diski, tumia ext4, mfumo wa faili wa Linux. exFAT haina kumbukumbu ya mabadiliko, na stima ikipotea katikati ya kuandika, faili huharibika. UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 650 itakupa dakika chache; unganisha kebo yake ya USB na programu ya NUT, kompyuta ijizime yenyewe. Hakikisha adapta ya diski nayo imechomekwa kwenye upande wa betri, maana kwenye UPS nyingi baadhi ya soketi huzuia mshtuko wa umeme tu, hazina betri.

Haya, maswali.