Mtoto Hafukuzwi: Kinga ya Mama na Kuanza kwa Uchungu

Kwenye ratiba mmeandika kwamba nitaeleza "jinsi mwili wa mama unavyomkataa mtoto." Sitaeleza hilo. Neno hilo nimelipinga miaka nenda miaka rudi, leo nalipinga tena, na wanaonifahamu wameshaanza kucheka kule nyuma. Chekeni tu.

Lilikotoka mnakujua. Mwaka 1953 Peter Medawar, mwanabiolojia wa Uingereza, aliuliza: mtoto ana nusu ya vinasaba vya baba, kwa hiyo ni mgeni, mbona kinga ya mama haimshambulii kama inavyoshambulia ngozi iliyopandikizwa? Swali zuri kabisa. Kosa ni la waliolikokota mpaka mwisho wa mimba, wakasema uchungu ndiyo siku kinga inashtuka na mgeni anatolewa nje.

Kiungo kinapokataliwa, seli T, askari wa kinga, hukivamia chenyewe mpaka kinakufa. Sasa mtazameni mtoto aliyetimiza miezi yake: analia, ananyonya, mzima. Kukataliwa gani huko? Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo za kinga, zinamiminika kweli, sibishi, lakini zinakwenda kwenye msuli wa mji wa mimba, kwenye mlango wa kizazi, kwenye utando wa chupa. Zinabomoabomoa nyumba, mpangaji hazimgusi. Niliwahi kukaa na mama aliyejifungua njiti, akaambiwa na mtu mwenye koti jeupe kwamba mwili wake "unakataa watoto." Aliishi na sentensi hiyo miaka. Ndiyo maana sichoki.

Kinachotokea ni mchochota, yaani kinga kuamka na kuwasha moto sehemu ya mwili. Najua, mkisikia mchochota mnawaza jipu na usaha. Huu wa uchungu wa kawaida hauhitaji kijidudu chochote. Interlukini ni ujumbe wa kinga: interlukini-8 inaita neutrofili, aina ya chembe nyeupe, interlukini-1 inachochea prostaglandini, kemikali inayokaza msuli, msuli unaanza kukaza, na mlango wa kizazi uliokuwa mgumu kama ncha ya pua unalainika kama mdomo. Mkunga analijua hilo kwa vidole kabla ya maabara yoyote. Mnataka ushahidi? Mwaka 1973 ilichapishwa ripoti ya wanawake waliokuwa wakimeza aspirini nyingi kwa muda mrefu: mimba zilikaa zaidi na uchungu ulichukua saa nyingi zaidi. Tuliza mchochota, na uchungu unachelewa. Na asitoke mtu hapa akawagawie wajawazito dawa za namna hiyo! Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji ya chupa. Ile dozi ndogo ya aspirini ambayo daktari huandika kukinga kifafa cha mimba ni habari nyingine.

Sasa hadithi yangu. Mlioisikia, vumilieni.

Nani anayeiambia kinga kwamba siku zimetimia? Mwaka 2004 watafiti wa Dallas, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya. Mapafu ya mtoto aliye tumboni yakikaribia kukomaa hutoa safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane. Ndani yake mna protini A ya safaktanti, nayo huvuja hadi kwenye maji ya chupa. Humo kuna makrofaji, chembe za kinga zinazomeza uchafu, za mtoto mwenyewe. Zikiionja protini ile zinaamka, zinahama, zinaingia kwenye ukuta wa mji wa mimba wa mama na kuwasha mchochota. Watafiti wakaidunga protini hiyo mapema kwenye maji ya chupa, panya wakazaa kabla ya siku. Wakadunga kingamwili za kuizuia, uzazi ukachelewa. Oneni ustadi: mapafu, kiungo ambacho mtoto atakihitaji dakika ya kwanza akitoka, ndiyo yanayopiga hodi. Anayegonga mlango ni mtoto!

Najua mtaniambia panya si mtu. Nimeambiwa hivyo mara nyingi kuliko nilivyosalimiwa. Na ni kweli: kwa binadamu, makrofaji za mtoto zilitafutwa kwenye msuli wa mji wa mimba, hazikuonekana, zilizokuwamo ni za mama. Tena panya projesteroni yake, homoni inayotuliza mji wa mimba, hushuka kabla ya kuzaa, ilhali kwa mwanamke inabaki juu mpaka kondo la nyuma litoke. Kwetu homoni ipo, ila msuli umeacha kuisikia, na mchochota ni mmoja wa wanaouziba masikio. Mpiga hodi anaweza kutofautiana. Wanaofungua mlango ni walewale.

Naonyeshwa vidole viwili. Dakika mbili? Haya. Njiti: maambukizi yanaweza kuwasha moto uleule kabla ya wakati, hilo mnalifundishwa. Lakini kumpa antibiotiki kila mama aliyeanza uchungu mapema, chupa ikiwa haijapasuka na hana dalili za maambukizi, kulijaribiwa kwenye utafiti mkubwa wa ORACLE mwaka 2001, na hakukuzuia watoto kuzaliwa njiti. Seli T tulivu, zile zinazoituliza kinga, zilikuwa sehemu nzima ya mhadhara, naiacha.

La mwisho, la leba. Chembe nyeupe za mama aliye kwenye uchungu zinaweza kupita 20,000 kwa maikrolita bila ugonjwa wowote. Ukiletewa namba hiyo peke yake usikimbilie sindano. Pima joto, hesabu mapigo ya mama na ya mtoto, nusa maji.

Maswali. Wewe uliyecheka kule nyuma, anza.