Nani yuko mezani? Mhadhara wa elimu maalumu, Tanga

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za saa hizi. Asanteni wa Pongwe, wa Chumbageni, na nyie mliodamka kupanda gari kutoka Lushoto. Nimeombwa niongelee historia ya elimu maalumu ila kuna kitu kinaniuma nitakikalia zaidi, yaani nani anakuwepo mezani mambo ya watoto wenye ulemavu yakipangwa.

Louis Braille, yule Mfaransa aliyebuni maandishi ya nukta ya wasioona, alipofuka mdogo, aliumia jicho kwenye karakana ya babake fundi ngozi. Akapelekwa shule ya wasioona Paris, ile aliyoianzisha Valentin Haüy, na vitabu vya pale vilikuwa na herufi za kawaida zimeinuliwa tu, mazito hayo, mtoto anapapasa herufi moja moja na kuandika hawezi. Ikaja mbinu ya mwanajeshi mmoja anaitwa Barbier, nukta 12 zilizoinuka kwa kila alama, kidole hakizienei. Braille akazipunguza mpaka 6, ilikuwa 1824, ana miaka 15 tu! Nukta sita zinaingia zote chini ya ncha ya kidole, ndo uzuri wake. Unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi unasoma kushoto kwenda kulia, umeandika mwenyewe. Basi shule yake yenyewe ikaja kuzikubali rasmi 1854, yeye keshafariki miaka miwili nyuma.

Viziwi ndo yaliwakuta makubwa. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, karibu wote wanasikia, wakapitisha kwamba kiziwi afundishwe kwa mdomo, yaani asome midomo ya mwalimu na yeye aseme, na lugha ya alama iachwe. Walimu viziwi nchi nyingi wakapoteza kazi, watoto wakakatazwa kutumia mikono darasani. Sasa nyie mkirudi nyumbani simameni mbele ya kioo, semeni bila sauti baba, halafu mama, halafu papa. Midomo ni ile ile! Mtoto anayesomeshwa hivyo atajuaje mwalimu anamtaja mzazi gani au samaki? Na iliwachukua mpaka 2010, kule Vancouver, kongamano la walimu hao kusema wazi wanasikitika. Miaka 130, jamani.

Kwetu huku makanisa ndo yalianza, Buigiri kule Dodoma shule ya wasioona 1950, Tabora shule ya viziwi 1963. Hapa mkoani tuna Irente, shule ya wasioona kule Lushoto. Sheria ya watu wenye ulemavu tumeipata 2010, na mi naiheshimu sana, ila karatasi haikai kwenye kikao.

Kwa hiyo walimu wakuu mliopo hapa nawaomba kwa moyo wote, kikao kijacho cha kamati ya shule yenye watoto viziwi mwiteni kiziwi mtu mzima, na mkalimani wake mumlipe, msiseme bajeti haipo wakati soda zinapatikana. Haya maswali sasa, tunaanza na wanaotumia lugha ya alama, mkalimani njoo huku mbele wakuone.