Kupima Mionzi ya Redio Karibu na Vituo Vidogo vya Simu

Ndugu wasikilizaji, mkazi wa Kariakoo ambaye dirisha lake la ghorofa ya kwanza linatazamana na antena iliyofungwa kwenye nguzo ya taa hasaidiki kwa kipimo kilichochukuliwa barabarani; anachotaka kujua ni mionzi kiasi gani inamfikia pale anapolala. Hapo ndipo kipimo kichukuliwe.

Tuchukue hesabu rahisi. Kituo kidogo, kama hicho cha kwenye nguzo ya taa, ambacho nguvu yake upande inakoelekea antena ni sawa na wati 10, huleta umbali wa mita 4 takriban wati 0.05 kwa kila mita ya mraba, na umbali wa mita 8 kiasi hicho hubaki robo. Mwongozo wa mwaka 2020 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, unaweka kikomo cha umma kuwa wati 9 kwa mita ya mraba katika masafa ya megahezi 1800, kwa wastani wa dakika 30. Kwa hiyo, penye mita 4, tumefikia kama asilimia 0.6 ya kikomo. Mpimaji mwingine akieleza mawimbi yaleyale kwa volti kwa mita, yaani kwa ukali wa uga wa umeme, atapata 4.3 dhidi ya kikomo cha 58, yaani zaidi ya asilimia 7, na wote wawili watakuwa wamesema kweli, kwa sababu nguvu huenda kwa mraba wa uga wa umeme. Ripoti inayotaja asilimia bila kusema ni asilimia ya nini, kwangu mimi, haifai kukabidhiwa mwananchi.

Kifaa cha bendi pana, yaani kinachopokea masafa mengi kwa pamoja, hujumlisha mawimbi yote, pamoja na ya vituo vya redio na simu ya mpimaji mwenyewe, ambayo lazima izimwe. Kinachochambua masafa ndicho kinachoonyesha mchango wa kituo peke yake. Tena, simu hupandisha nguvu zake mtandao unapokuwa dhaifu, na hivyo kituo kilicho karibu huweza kumpunguzia mionzi mtu aliyeweka simu sikioni.

Lipo pia suala la saa. Alfajiri watumiaji ni wachache na kituo hutoa nguvu kidogo, hivyo kipimo cha wakati huo hakitoshi. Kwa mtandao wa 4G, mpimaji hupima zile ishara za rejea ambazo kituo hutuma muda wote kwa nguvu isiyobadilika, kisha akakokotoa kiwango kitakachokuwapo kituo kitakapoelemewa kabisa, na kiwango hicho ndicho anachokilinganisha na kikomo.