Uniti Zinaliwa na Nani? Mhadhara Kuhusu Umeme na Moto wa Nyumbani, Kirumba, Mwanza

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Naanza na kitu mnachokipita kila siku mlangoni bila kukitazama. Kwenye mita ya LUKU kuna kitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni yake pameandikwa namba, mara nyingi 800, 1000 au 1600, halafu herufi imp/kWh. Hiyo namba ndiyo hesabu ya mipepeso inayomaliza uniti moja. Kama mita yako ni ya 1000, kila kikipepesa, sehemu moja kati ya elfu ya uniti imekwenda.

Leo ukirudi, chomoa plagi zote, zima taa zote, lakini swichi kubwa iache imewashwa. Kitaa kinatakiwa kitulie. Mita nyingine zikikosa kazi kitaa huwaka mfululizo bila kupepesa, hiyo isikutishe. Lakini kikipepesa, kuna kinachokula: chaja uliyoisahau nyuma ya kabati, waya uliochubuka kwenye ukuta wenye unyevu, au mtu aliyeunganishiwa kutoka kwako. Sasa zima hata ile swichi kubwa. Kikitulia, tatizo liko upande wako, muite fundi mwenye leseni. Kikiendelea hata hapo, kaitaarifu TANESCO, na usiiguse mita.

Baada ya hapo washa kimoja kimoja, uhesabu kwa dakika. Kwenye mita ya 1000, pasi ya wati 1,000 itapepesha kitaa kama mara 17. Hita ya kuogea ya wati 5,000 itakushinda kuhesabu, ni mara 83. Taa ya LED ya wati 9? Utasimama pale karibu dakika 7 usubiri mpepeso mmoja. Kwa hiyo baba anayegombana na watoto kwa sababu ya taa ya sebuleni, huku yeye mwenyewe anaoga dakika 10 kwa hita, anagombana na mtu asiye na kosa. Kama bado una balbu ya zamani ya wati 60, ibadilishe leo hiihii. Ukishaibadilisha, habari ya taa imekwisha, twende kwenye joto.

Hiyo hita, dakika 10, imekula uniti 0.83. Kuchemsha maji kwa birika la umeme na kuyachanganya mpaka upate ndoo ya lita 10 yenye uvuguvugu wa kutosha kuogea, haifiki uniti 0.2. Sisemi ng'oeni hita. Nasema ina kitufe cha joto la chini, na Mwanza hii si Makete kwenye baridi kali. Na walioifunga kwenye waya wa soketi, tafadhali: hita ya wati 5,000 inavuta ampea zaidi ya 20. Inataka waya wake peke yake, wa milimita za mraba 4 au 6, breka yake, na ethi inayofanya kazi. Waya mwembamba hupata moto, viungio vinaungua, na ule moto wa ukutani nao unalipiwa LUKU.

Friji ndilo la kukaa nalo, maana halilali. Usiku ukienda kulala saa 4, hakikisha ni lenyewe tu linalofanya kazi, andika uniti zilizobaki kwenye mita pamoja na nukta zake. Saa 12 asubuhi soma tena. Tuseme zimepungua 0.7. Hizo ni saa 8, zidisha kwa 3, unapata uniti 2.1 kwa siku, na mchana zitazidi kwa sababu kuna joto na mlango unafunguliwa. Friji dogo la kisasa lenye inveta, yaani mota inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, halifiki hata uniti 1 kwa siku.

Lakini msikimbilie dukani. Chukua noti ya 1,000, ibane kwenye mlango wa friji, uivute. Ikitoka bila kukukatalia, mpira wa mlango hapo umelegea. Rudia pande zote nne, zaidi kona ya chini upande wa bawaba, ndipo panapoanza. Mpira usafishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Uliojikunja ukandwe kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka urudi umbo lake. Kama sumaku yake haishiki tena, nunua mwingine wa saizi ileile. Lisogeze friji sentimita 10 kutoka ukutani, futa vumbi kwenye mabomba ya nyuma. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, yeyusha, na usiikwangue kwa kisu: ukitoboa bomba, gesi imetoka na friji umelizika. Wenye friza ya samaki au barafu ambayo mara nyingi iko nusu, jazeni nafasi kwa chupa za maji. Umeme ukikatika, hizo ndizo zitakazoshika baridi.

Jikoni kuna jambo la kwetu. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage ya hapa yanachelewa kuliko ya Tanga kule pwani, na uongeze moto usiongeze, sufuria ya wazi haivuki hapo. Kinachovusha ni presha. Jiko la presha la umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa karibu nusu uniti. Ukiyaweka kwenye pleti ya umeme kwa saa mbili na zaidi, unaweza kupita uniti 2. Wengi huliharibu kwa kujaza: maharage yasizidi nusu ya chungu pamoja na maji, maana povu huziba vali. Umeme ukikatika katikati, usifungue, liache liendelee kwa joto lake.

Anayetumia mkaa au gesi, loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa nguvu dakika 20, kisha funika sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa matambara makavu, saa 3 au 4. Zile dakika za kuchemka msizipunguze, maharage mekundu yasiyochemka vizuri yanaumiza tumbo.

Wa milimani, Isamilo na Mabatini, mnaopandisha maji kwenye simtanki: pampu ya nguvu farasi moja hula uniti 0.75 au zaidi kwa saa, hata maji yakiwa yanamwagikia kwenye mawe. Fungeni boya la kuzima.

Sasa bei. Daraja D1, la nyumba zinazotumia umeme kidogo, ni shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ya 76 inaanza 350. Daraja T1, la matumizi ya kawaida, ni 292 tangu uniti ya kwanza. Ukinunua ya 10,000 ukapata kama 28, uko T1. Usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, kuna kodi ya jengo inakatwa.

Nyumba ya wapangaji sita kwenye LUKU moja haiwezi kukaa ndani ya 75, hata kila mmoja ajibane vipi, na mwenye taa mbili anamlipia mwenye pasi na friji. Fungeni mita ndogo kila chumba, waya wa kila chumba upite kwake peke yake. Kila tarehe 1 zisomwe zote mbele ya wapangaji, mjumlishe, mlinganishe na mita kubwa. Jumla ikipungua sana, rudini kwenye kile kitaa chekundu, mzime chumba kimoja kimoja.